Marathoni ya Ugenini: Mwongozo wa Mkimbiaji wa Kawaida Kutoka Kampala

Begi langu lilifika Amsterdam siku mbili baada ya mimi kumaliza mbio. Lilikwama kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, na ndani yake mlikuwa na jeli nane (zile pakiti ndogo za sukari za kufyonza ukikimbia), kofia, sweta la kutupa, na soksi nilizozizoeza kwa wiki kumi na sita. Raba tu ndizo zilizofika, kwa sababu nilizivaa miguuni tangu Entebbe. Hiyo haikuwa akili yangu. Ilikuwa amri ya Afande.

Afande ni mzee wetu wa mazoezi, mwanajeshi mstaafu anayetukusanya Kololo kila Jumamosi alfajiri bila kutoza hata shilingi. Kiswahili chake ni kile cha kambini: kifupi, hakina tafadhali. Wiki niliyosafiri alinikagua mizigo kama anayekagua gwaride, akazitoa raba kwenye begi, akaziweka sakafuni mbele yangu. "Binti, askari hapakii bunduki yake kwenye lori la mizigo. Vaa." Nikavaa.

Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi: ana kazi, ana watoto, anakimbia kilomita 42.195 kwa saa nne na nusu au tano, anaishi Kampala au Jinja au Busia, na anatamani akimbie nje ya Afrika angalau mara moja. Sitakufundisha kushinda. Nitakuonyesha pale mambo yanapoharibika. Kitu kimoja nakuomba ukishike tangu sasa: kila uamuzi wa shida unayoweza kuiona kwa mbali, ufanye ukiwa nyumbani na kikombe chako cha chai. Kichwa cha mtu aliye kilomita ya 40 hakiaminiki. Changu kilinishauri nilale kwenye nyasi za bustani.

Hatua ya 1. Tazama viza kwanza, mbio baadaye

Wengi huanza na jina kubwa. London, Berlin, Chicago, New York na Tokyo hutoa nafasi nyingi kwa bahati nasibu, na kwa London ya 2026 waliomba zaidi ya watu milioni 1. Boston wanataka uwe umeshakimbia marathoni nyingine kwa muda waliouweka kulingana na umri wako, au uingie kwa kuchangisha pesa za hisani. Ukiwa na pasipoti ya Uganda, kupata nafasi ni nusu tu ya safari. Nusu nyingine iko dirishani ubalozini, na ada ya mbio huwa hairudi ukinyimwa viza, isipokuwa masharti yao yaseme hivyo. Yasome kabla ya kulipa.

Mimi nilichagua Amsterdam, Jumapili ya tatu ya Oktoba, kwa sababu tatu ambazo hazina mapenzi ndani yake. Nafasi niliinunua bila kurusha kura. Uholanzi ina ubalozi hapa hapa Kampala. Na saa: mwezi huo wako nyuma yetu kwa saa moja tu, wakati Chicago, nayo ya Oktoba, iko nyuma kwa saa nane. Mwili huzoea tofauti ya saa kwa kadiri ya saa moja kwa siku. Kwa mtu aliyepewa ruhusa ya siku sita kazini, hesabu hiyo inajijibu.

Angalia pia muda wa kufunga njia. Amsterdam ni saa 6, Berlin saa 6 na dakika 15, Chicago saa 6 na nusu. Mbio nyingine hufunga mapema zaidi. Kama unajijua ni mtu wa saa 5 na nusu siku njema, jipe akiba.

Hatua ya 2. Karatasi

Kwa viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya pamoja na Uholanzi, unaruhusiwa kupeleka maombi hadi miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiukaribie huo mwisho. Miadi hujaa, na Agosti ni mwezi ambao kila mtu anataka kusafiri. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka kwao, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Hiyo bima isome maneno madogo ya chini, maana nyingine hazigharamii mtu aliyeumia mashindanoni, nawe unakwenda mashindanoni.

Barua ya kuthibitisha kwamba umesajiliwa mbioni ni karatasi nzuri sana ya kueleza kwa nini unakwenda. Ila wanachotafuta zaidi ni kwa nini utarudi: barua ya mwajiri, taarifa za benki za miezi kadhaa, cheti cha biashara, karatasi za shule za watoto. Usiweke pesa nyingi benki ghafla wiki moja kabla. Wanaona.

Jina. Hapa Uganda mtu anaweza kuwa na jina la dini, la ukoo na la mume, na kila karatasi ikayapanga kivyake. Jisajili mbioni kwa jina lile lile la pasipoti, kwa mpangilio ule ule, kwa sababu namba ya kifuani hutolewa kwa kuonyesha kitambulisho, na mara nyingi huchukuliwa kabla ya siku ya mbio. Huwezi kumtuma mtu hivi hivi.

Cheti cha njano cha homa ya manjano kibebe. Tangu 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha, hata kama cheti chako cha zamani kimeandikwa miaka kumi. Ukiamua kukimbilia Cape Town badala ya Ulaya, watakidai. Italia nao wana lao: mbio zao nyingi hudai cheti cha daktari kwamba moyo wako uko sawa, kwa fomu wanayoitaka wao.

Pesa za simu haziendi mbali huko. Pata kadi ya benki inayokubalika kimataifa na uiambie benki tarehe za safari. Uholanzi kuna maduka yasiyopokea noti kabisa. Nilisimama na yuro zangu mkononi mbele ya keshia kama mtu aliyeleta kuku sokoni siku isiyo ya soko.

Hatua ya 3. Mazoezi, na zoezi la hasara

Wiki kumi na sita zinatosha kama tayari unakimbia kilomita 15 bila kulia. Mbio ndefu moja kwa wiki, ukipanda taratibu hadi kilomita 30 au 32, na ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya siku yenyewe.

Sisi wa Kampala tuna jambo la kuangalia. Tunajivunia milima: Naguru, Muyenga, Mutundwe. Amsterdam ni tambarare kama meza, na tambarare hudanganya. Kwenye mlima misuli hupokezana kazi, unapopanda hii, unaposhuka ile. Kwenye tambarare misuli ile ile inapiga hatua ile ile zaidi ya mara elfu thelathini. Tafuta barabara iliyonyooka walau mara moja kila wiki mbili; sisi tulikwenda Entebbe karibu na ziwa. Mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi utakusaidia kidogo ukishuka usawa wa bahari. Kidogo. Usipange kasi yako juu ya msaada huo.

Sasa zoezi la hasara, ambalo sijaliona kwenye mpango wowote wa mazoezi ila wa Afande. Jumamosi tatu kati ya zile kumi na sita aliziharibu kwa makusudi. Ya kwanza alituahidi maji kilomita ya 18, tulipofika hapakuwa na maji wala yeye. Ya pili alitukusanyia saa zote za mkononi zikiwa zimebaki kilomita kumi, akasema, "Pumzi yako ndiyo saa." Ya tatu ilinyesha usiku kucha, akatupitisha kwenye madimbwi tangu mwanzo ili tukimbie kilomita 25 na soksi zilizolowa. Tulimsema vibaya sana kwenye kundi la WhatsApp, huku yeye mwenyewe yumo. Fanya hivyo peke yako kama huna Afande. Siku ya mbio, unapopatwa na jambo, tofauti kubwa ni kama mwili unalitambua au la.

Hatua ya 4. Kufunga mizigo

Miguuni: raba za mbio. Kwenye mkoba wa mkononi: nguo zote za siku ya mbio, soksi, jeli, karatasi zote, mafuta ya mgando kwa ajili ya makwapa na mapaja, pakiti chache za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) kutoka duka la dawa. Mimi nilitii nusu ya amri, nikavaa raba tu, vingine nikaviacha kwenye begi kubwa, na nimeshakuambia kilichotokea. Viwanja vingi bado wanahesabu jeli kuwa kimiminika: kila moja isizidi mililita 100 na zote zienee kwenye mfuko wa lita moja. Hata siagi ya karanga wanaihesabu hivyo.

Kuhusu chakula cha kutoka nyumbani, Umoja wa Ulaya hauruhusu uingie na nyama wala maziwa kwenye mizigo. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Tende ndiyo zawadi ya Mungu kwa mkimbiaji wa marathoni. Beba tende.

Na ubebe kipimo cha malaria pamoja na dozi kamili ya dawa mseto. Ukiumwa na mbu leo Kampala, homa inaweza kukupata wiki moja au zaidi baadaye, ukiwa umeshatua Ulaya, na daktari wa huko asiyeiona malaria mara kwa mara anaweza kukutibu mafua. Ukipata homa huko, sentensi yako ya kwanza iwe: "Nimetoka Uganda, nipimeni malaria." Mwezi wa mwisho lala ndani ya neti hata kama mtaani kwenu mnajidai hakuna mbu.

Hatua ya 5. Siku tatu za mwisho

Fika Alhamisi kama mbio ni Jumapili. Ijumaa chukua namba, ujue treni au tramu ya kukupeleka kwenye mstari wa kuanzia, basi. Usitembee kutazama mifereji na makumbusho. Mji utaukuta pale pale Jumatatu.

Kula wanga gramu 8 hadi 10 kwa kila kilo ya mwili, kwa siku moja na nusu au mbili za mwisho. Mimi wa kilo 62 nilihitaji kama gramu 500 kwa siku. Mchele mkavu gramu 100 una wanga gramu 80 hivi, kwa hiyo utaona kwamba sinia moja la Jumamosi usiku halifikishi, litakulaza macho tu. Anza Ijumaa asubuhi, kidogo kidogo: wali, viazi, tambi, mkate, ndizi, juisi. Posho, yaani ugali, hutaipata, na huu si wakati wa kuitafuta. Punguza maharage na mboga za majani. Utajua kwa nini.

Kisha andika kikaratasi. Changu kilikuwa na mistari minane, upande mmoja "ikiwa", upande wa pili "basi". Ikiwa nimechelewa kuanza, basi sikimbilii mtu. Ikiwa tumbo linavuruga, basi natembea dakika mbili na maji tu. Ikiwa misuli inakaza, basi nasimama pembeni nainyoosha, napunguza mwendo kwa sekunde 30 kila kilomita. Ikiwa saa inazima, basi namfuata mwongoza kasi, yule anayekimbia na bango la muda, wa muda ulio nyuma ya lengo langu. Kikunje, kitie kwenye mfuko wa plastiki, kibane pamoja na namba. Nyuma ya namba yenyewe andika jina, simu ya mtu wako, na dawa zinazokudhuru.

Hatua ya 6. Asubuhi yenyewe

Kula saa tatu kabla ya mbio kuanza: mkate na asali, ndizi, chai. Hakuna kitu kipya. Oktoba asubuhi Amsterdam inaweza kuwa nyuzi 8, ambazo mwili wa marathoni huzipenda ukishaanza kukimbia lakini huzichukia ukiwa umesimama nusu saa na fulana. Ndiyo maana watu hununua sweta la kutupa. Langu nililipata soko la Owino kwa shilingi elfu tano, mivumba (mitumba) safi kabisa, nikaliweka kwenye begi lile lile. Nilianza nikiwa nimejifunika mfuko mweusi wa taka uliotobolewa matundu matatu, na nakuhakikishia kwamba unafanya kazi vizuri kuliko sweta, maana unazuia upepo na mvua pamoja.

Choo. Nenda kwanza kwenye foleni ndipo ufanye mambo mengine, si kinyume chake. Saa tatu kasoro dakika kumi nilikuwa bado na watu kumi na watano mbele yangu, kundi langu likaanza kusogea bila mimi. Hapa ndipo ujue jambo ambalo nililijua na bado likanipotea: chipu ya namba yako, kile kidude cha kupima muda, huanza kuhesabu unapokanyaga zulia la kuanzia wewe mwenyewe. Ukichelewa dakika nne, hujapoteza hata sekunde moja kwenye muda wako.

Hatua ya 7. Kilomita za mwanzo ni mtego

Kwa saa 4 na nusu unatakiwa kwenda dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita, kila kilomita. Kwa saa 5 ni dakika 7 na sekunde 7. Mimi niliyechelewa chooni, na kikaratasi kikiwa kifuani kimeandikwa mstari wa kwanza kabisa kwamba sikimbilii mtu, nilikwenda kilomita tano za kwanza kwa dakika 5 na sekunde 50. Nilijisikia vizuri mno. Hiyo ndiyo dalili.

Machi 26, 2017 tulikuwa Kololo, maelfu yetu, kwenye mbio za nyika za dunia. Joshua Cheptegei alikuwa anaongoza peke yake akiingia mzunguko wa mwisho, uwanja mzima unatetemeka, mie nimepanda juu ya kiti cha mtu. Mara miguu ikamkataa. Ikawa kama anakimbia ndani ya maji, mmoja akampita, wa pili, mpaka akamaliza wa 30. Agosti mwaka huo huo akachukua fedha ya mita 10,000 ya dunia London, na 2019 akarudi kwenye mbio za nyika zile zile, Aarhus, akazishinda. Baadaye akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000. Na hata mtu huyo, alipojaribu marathoni yake ya kwanza Valencia Desemba 2023, alimaliza wa 37 kwa saa 2:08:59. Marathoni haimheshimu mtu kwa alichofanya kwingine.

Hatua ya 8. Mikasa, mmoja mmoja

Begi halijafika. Usitoke uwanjani kabla ya kuandikisha na kupewa namba ya taarifa. Nunua vitu vya lazima tu, tunza risiti. Begi likija, Mkataba wa Montreal wa usafiri wa ndege unakupa siku 21 tangu ulipolipokea kudai fidia kwa maandishi. Soksi mpya zivae siku hiyo hiyo uliyozinunua na utembee nazo, uzifue kwa mkono, uzivae tena Jumapili. Niliongeza mafuta ya mgando kati ya vidole. Nilimaliza na lengelenge moja tu, na hapo nilimkumbuka Afande na madimbwi yake.

Tumbo. Hapa ndipo nilipoumia kweli. Jeli zangu ziko uwanja wa ndege wa nchi nyingine, nikanunua za aina nisiyoijua kwenye maonyesho ya mbio. Sikusoma kwamba zina kafeini. Ya tatu ilinigeuka kilomita ya 24, kando ya mto Amstel, upepo unanipiga usoni. Nililofanya kwa usahihi lilikuwa moja: kikaratasi kilisema tembea, nikatembea. Kilomita ya 27 nikaingia choo cha njiani, dakika sita zikaenda. Usijizuie, utapoteza zaidi. Baada ya hapo nikaacha jeli kabisa nikala ndizi za vituoni na tende nilizonunua duka la Mmoroko. Jifunze kwangu: mwili hukubali wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa, hata zaidi ukiuzoeza, lakini huuzoezi siku ya mbio. Kama umepoteza jeli zako, chukua wanachogawa vituoni, na uwe umeshaangalia kwenye tovuti yao ni nini ili ujaribu kitu hicho ukiwa bado Kampala.

Ukuta. Ini na misuli vina akiba ya sukari ya kukimbiza watu wengi mpaka kilomita 30 na kidogo. Baada ya hapo mwili unachoma mafuta zaidi, na mafuta huwaka polepole. Unahisi miguu imekuwa ya mtu mwingine. Wangu ulikuja kilomita ya 31, na haukutokana na tumbo peke yake. Ulitokana na zile kilomita tano za kwanza. Dawa si ushujaa. Kula kitu kitamu, maji, tembea ndani ya kila kituo cha maji, halafu kimbia hadi nguzo ile, kisha nguzo inayofuata. Nilihesabu nguzo kwa Kiluganda, kwa sababu zisizojulikana hata kwangu.

Misuli kukaza. Simama kabisa. Nyoosha kwa upole sekunde 20 au 30, ipapase, anza tena kwa mwendo mdogo. Chanzo kikubwa huwa uchovu wa misuli iliyopelekwa kasi isiyoizoea, kwa hiyo kuendelea na kasi ile ile ni kuomba ikaze tena.

Maji. Kunywa unaposikia kiu. Mtu wa saa tano anaweza kunywa mno hadi chumvi ya damu ikashuka: kichwa kinauma, anatapika, vidole vinavimba, anachanganyikiwa, na kumpa maji zaidi ni kumuumiza. Dawa za maumivu kama ibuprofeni usizimeze kabla ya mbio wala katikati yake. Figo tayari ziko kazini.

Hedhi. Ikija asubuhi ya mbio, haizuii chochote. Vaa kaptula nyeusi, beba pedi mbili kwenye mfuko wa plastiki, na ujue vituo vya huduma ya kwanza mara nyingi vinazo. Afande hakuligusa hili, kwa hiyo naliandika mimi.

Saa ya mkononi. Kati ya majengo marefu, au chini ya daraja, inapotea na kukudanganya kasi. Amini vibao vya kilomita barabarani. Mwisho wa mbio itasema umekimbia 42.6 au 42.8. Haijakosea sana, hakuna anayekata kona kama mpima njia.

Kupotea au kuanguka. Victor Kiplangat wetu, akiongoza marathoni ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022, alikosea kona karibu na mwisho, akageuka, akarudi njiani, akashinda mbele ya Alphonce Simbu wa Tanzania. Hakusimama kulaumu mtu. Ukianguka, inuka taratibu, jikague magoti na viganja, tembea dakika moja kabla ya kuamua.

Hali ya hewa. Chicago 2007 joto lilizidi hata mbio zikasimamishwa kabla ya wengi kumaliza. New York 2012 zilifutwa siku mbili kabla kwa sababu ya kimbunga Sandy, watu wameshafika. Boston 2018 mvua ya baridi iliwatoa hata mabingwa njiani, akashinda Yuki Kawauchi wa Japani. Joto likizidi lile ulilofanyia mazoezi, lengo la muda linakufa asubuhi hiyo. Lizike kabla ya kuanza. Sisi tunadhani joto halituwezi kwa kuwa tumezaliwa nalo, kumbe mazoezi yetu yote tunafanya alfajiri.

Hatua ya 9. Lini utoke

Maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichoisha ukitembea, kuchanganyikiwa, baridi ya kutetemeka wakati wengine wanavuja jasho, mkojo wa rangi ya chai, au maumivu ya mfupa yanayokufanya uchechemee zaidi kila kilomita: toka. Nenda kwa watu wa huduma ya kwanza, usikae pembeni peke yako. Na ukiamka na homa siku ya mbio, usianze kabisa. Pesa za viza, tiketi na hoteli zimeshatumika, na hazitarudi kwa wewe kukimbia na malaria.

Uchovu, malengelenge, aibu, na muda mbaya si sababu za kutoka. Ukijikuta unatafuta sababu, kimbia hadi kituo cha maji kinachofuata ndipo uijadili.

Hatua ya 10. Baada ya mstari

Amsterdam inaishia ndani ya uwanja wa Olimpiki ya 1928, baada ya kukupitisha Vondelpark, zile nyasi nilizoshauriwa nilale. Niliingia uwanjani kwa saa 5 na dakika 2. Nusu ya kwanza 2:09, nusu ya pili 2:53. Yeyote anayejua mbio ataisoma hadithi yote hapo. Usikae chini. Endelea kutembea, chukua blanketi la karatasi, kunywa ORS, kula kitu cha chumvi. Usipande ndege siku hiyo hiyo kama unaweza kuepuka, na ukipanda kesho yake, inuka utembee kila saa moja.

Begi lilipofika hotelini Jumanne, niliandika madai yangu usiku huo huo na nikaambatisha risiti za soksi, jeli na kofia. Afande alipiga simu, hakuuliza medali. Aliuliza kilomita tano za kwanza nilikwenda kwa ngapi, nikamwambia, akanyamaza muda mrefu kwa mtu anayetumia vocha yake mwenyewe.

Kikaratasi cha mbio zijazo nimeshakiandika. Kina mistari kumi sasa. Wa kwanza ni ule ule wa kutokimbilia mtu, ila safari hii kwa wino mwekundu. Wa tisa: soma kama jeli ina kafeini. Wa kumi: soksi za akiba, mfuko wa koti.